Lappy Imezeeka? Usiitupe Bado! Hivi Ndivyo Linux Nyepesi Hufinya Mafaili Hadi Mashine Inaamka

Wasee wa Watamu, Timboni, Gede mpaka Malindi, hii ni yenu. Kila mtaa uko na ile lappy moja ya ex-UK ambayo ukiiwasha asubuhi unaweza kwenda kununua mahamri na mbaazi, ukarudi, na bado inazungusha kale kaduara. RAM ni 2GB, diski imejaa, betri ni ya historia. Na chumvi ya bahari nayo haina huruma.

Halafu kukaja hii ingine. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Bila kujiandikisha kwa ule mpango wao wa nyongeza, masasisho ya usalama ndio yameisha. Unasema uhamie Windows 11? Hiyo inataka RAM ya 4GB kwenda juu, diski ya 64GB, na chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0. Mashine nyingi za kitambo hazina. Kwa hivyo msee aliyejinunulia lappy kwa jasho, akaitumia kuandika CV, kuedit picha za watalii ama kuendesha kibanda cha saiba, anaambiwa kiaina kwamba mashine yake ni takataka.

Sio takataka. Kuna Linux nyepesi kama Puppy Linux na Tiny Core Linux ambazo zinaweza kuishi ndani ya mashine kama hiyo bila drama. Tiny Core ikiwa na madirisha na kipanya chake ni megabaiti ishirini na kitu tu. Video moja ya harusi kwa simu yako ni kubwa kuliko hiyo! Swali ni hili: wanaifinya vipi hadi inakuwa ndogo hivyo? Na wewe unaweza aje kufinya vitu vyako bila kuharibu? Keti, tupige stori.

Kubana ni kuacha kurudia rudia

Simama stage ya Gede saa moja asubuhi. Makanga anaita: "Malindi Malindi Malindi Malindi." Ukiambiwa uandike hiyo kitu kwa karatasi, utaandika Malindi mara nne? Zii. Utaandika "Malindi mara nne" na yule anayesoma ataelewa kila kitu.

Hiyo ndiyo siri yote. Mwaka 1977 wataalamu wawili, Abraham Lempel na Jacob Ziv, waliandika njia ya kufanya hivyo kwa kompyuta. Programu inaandika "Malindi" na nafasi yake, hizo ni herufi 8. Halafu badala ya kuendelea, inaandika tu maagizo: rudi nyuma herufi 8, nakili herufi 24. Herufi 32 zimekuwa herufi 8 na kimaagizo kimoja. Ukifungua, inarudi vile ilivyokuwa, herufi kwa herufi.

Kuna hila ya pili, ya kitambo zaidi. Mwaka 1952 David Huffman, akiwa bado mwanafunzi kule MIT Marekani, alionyesha kwamba herufi zinazotokea sana zipewe alama fupi na zile adimu zipewe alama ndefu. Fikiria Kiswahili: "a" iko kila mahali, "q" na "x" utazitafuta kwa tochi. Kwa nini zote zichukue nafasi sawa? Unganisha hizo hila mbili na unapata kile kitu kiko ndani ya zip na gzip mpaka leo. Gzip yenyewe iko tangu 1992. Wengi wenu mnaosoma hii hamkuwa mmezaliwa, na bado inafanya kazi.

Lakini usichanganye na WhatsApp

Hapa wengi huingia mtego. Ukituma picha WhatsApp kwa njia ya kawaida, nayo inabanwa, sindio? Ndio, lakini ile ni kubana kwa kutupa. App inaangalia picha, inaamua kuna rangi na chembe ambazo jicho lako halitazikosa, inazitupa kabisa. Hazirudi tena. Ndio maana mtalii wa Kitaliano akitumiwa picha zake za Mida Creek kwa njia hiyo halafu ajaribu kuzichapisha kubwa ukutani, zinatoka kama zimepigwa na ukungu. Ukituma kama dokumenti, inafika vile ilivyo.

Kubana kwa zip, gzip, xz na ndugu zao ni kubana bila kutupa. Kila biti inarudi. Kwa programu na mfumo wa kompyuta hakuna njia ingine, kwa sababu kerneli ikipoteza herufi moja tu, mashine haiwaki.

Na kuna jambo la pili: kitu kilichobanwa tayari hakibaniki tena. Picha za JPEG, video za MP4, nyimbo za MP3, zote zimeshafinywa. Ukichukua picha 500 za 4MB kila moja, hizo ni kama 2GB. Ukizizipu utabaki na karibu zile 2GB, na utakuwa umepoteza dakika zako na chaji. Ukizipu picha iwe ni kwa sababu ya kuziweka pamoja kwa faili moja, isiwe kwa sababu ya kuokoa nafasi. Vitu vinavyofinyika vizuri ni maandishi, orodha za hesabu za CSV, kodi za programu, kurasa za wavuti na mafaili ya mfumo wenyewe. Hizo zinaweza kushuka hadi sehemu ndogo sana ya ukubwa wake.

Chagua gari kulingana na safari

Linux haina njia moja ya kubana. Ziko kadhaa, na kila moja na tabia yake. Wacha tuziweke barabarani.

*gzip* ni tuktuk. Iko kila mahali, kila fundi anaijua, haili mafuta mengi. Haibani sana kuliko zote lakini haitakuacha njiani. Mashine yoyote ya Linux utakayokutana nayo inaifungua.

*bzip2* ni ile Peugeot ya mzee. Ilitoka 1996, inabana kuliko gzip, lakini pole pole kwenda na pole pole kurudi. Siku hizi wengi wameipita.

*xz* ni lori. Inabeba kabisa, mafaili yanatoka madogo sana. Lakini inakula. Kitabu chake cha maelezo kinasema wazi: ukitumia kiwango cha mwisho, yaani xz -9, kubana kunahitaji kama 674MB za RAM, na kufungua kunahitaji kama 65MB. Ukitumia kiwango cha kawaida cha -6, kubana ni kama 94MB na kufungua ni kama 9MB. Sasa wewe na lappy yako ya 512MB ukipiga -9, usishangae ikiganda kama sanamu. Sio kwamba imeharibika, umeibebesha lori la mawe.

*lz4* ni bodaboda. Yann Collet aliitoa 2011. Haibani sana, lakini kufungua ni kupepea. Ukitaka kasi kuliko nafasi, panda hii.

*zstd* ni ile matatu mpya yenye kila kitu. Ni ya huyo huyo Collet, ikatolewa na Facebook 2016. Inabana vizuri kuliko gzip na inafungua haraka kuliko gzip. Ina viwango kutoka 1 hadi 19, na ukilazimisha unaweza kufika 22. Cha kuvutia ni kwamba hata ukibana kwa kiwango cha juu, kufungua bado kunabaki kwa kasi.

Kanuni ya mtaa ni hii: kitu utakachobana mara moja na watu wengi wataipakua kwa bando, tumia xz ama zstd ya juu. Kitu utakachofungua kila siku, tumia lz4 ama zstd ya kawaida. Kitu unampelekea mtu ambaye hujui ana mashine gani, tumia gzip.

Mikono kwa kibodi

Fungua terminali. Usiogope ile skrini nyeusi, haiumi. Tuseme una folda inaitwa kazi:

tar -czf kazi.tar.gz kazi/

tar -cJf kazi.tar.xz kazi/

tar --zstd -cf kazi.tar.zst kazi/

Ya kwanza ni gzip, ya pili ni xz, ya tatu ni zstd. Jua kwamba tar yenyewe haibani kitu. Kazi yake ni kufunga mzigo kwa gunia moja, halafu gunia linapitishwa kwa mashine ya kufinya. Kwenye zile Linux ndogo kabisa, tar yao hupunguzwa, kwa hivyo ile ya tatu inaweza kukataa. Ikikataa, rudi kwa gzip tu, maisha yaendelee.

Kabla hujafuta ile folda ya asili, tafadhali buda, jaribu kwanza:

gzip -t kazi.tar.gz

tar -tzf kazi.tar.gz

Amri ya kwanza inakagua kama faili ni nzima. Ikinyamaza, iko sawa. Ya pili inakuorodheshea kilichomo ndani. Na bakapu isikae kwa diski hiyo hiyo peke yake, kwa sababu diski ikidedi, asili na nakala zinazikwa kaburi moja.

Sasa hii picha ya kuwashia ni nini?

Hapa ndipo utamu ulipo. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, kompyuta haijui Linux ni nini. Kuna programu ndogo ya kuanzisha ambayo inachukua vitu viwili kutoka kwa diski ama flashi na kuvipakia kwa RAM. Cha kwanza ni kerneli, ambayo mara nyingi faili lake linaitwa vmlinuz. Ile "z" ya mwisho ndiyo inakuambia imebanwa. Kerneli inajifungua yenyewe, kama mtu anayejikunjua kutoka kwa sanduku alilojifungia.

Cha pili ni hii picha ya kuwashia yenyewe, inaitwa initrd kwa wengi. Kwa Tiny Core faili lake ni core.gz, na kwa ile ya biti 64 ni corepure64.gz. Ndani yake kuna mfumo mdogo mzima: folda, amri, mipangilio, na programu ya kwanza kabisa ya kuamsha wengine. Kerneli inaifungua ndani ya RAM, inaanza kuishi humo. Kwa Linux kubwa kama Ubuntu, mfumo huu mdogo hutumika kwa muda tu, kutafuta diski halisi na kuikabidhi kazi. Kwa Tiny Core, huo mdogo ndio mfumo wenyewe. Unaishi kwa RAM. Ndio maana ukiharibu kitu leo, ukizima na kuwasha, unapata ikiwa safi kama mpya.

Swali: ukibana hii picha zaidi, mashine itawaka haraka zaidi? Jibu sio ndio moja kwa moja. Kuna muda wa kusoma kutoka kwa flashi na kuna muda wa kufungua. Piga hesabu. Tuseme flashi yako inasoma 20MB kwa sekunde na picha yako ya gzip ni 60MB. Kusoma ni sekunde 3. Ukiibana kwa xz ikafika 40MB, kusoma kunashuka hadi sekunde 2. Umeokoa sekunde moja. Lakini kama prosesa yako ya zamani inachukua sekunde nne zaidi kufungua xz, umepata hasara ya sekunde tatu. Umejibana mwenyewe!

Wakubwa nao walipiga hesabu hiyo hiyo. Ubuntu 19.10, iliyotoka Oktoba 2019, ilihama kutoka gzip hadi lz4 kwa picha ya kuwashia. Faili likawa kubwa kidogo, lakini mashine zikawaka haraka kwa sababu kufungua kulikuwa kwepesi. Mwaka 2020, kerneli ya 5.9 ikaongeza zstd kwenye orodha ya zile inazokubali.

Kufungua core.gz na kuifunga tena

Kwa nini mtu afungue picha ya kuwashia? Labda una saiba na unataka kila mashine iwake ikiwa na mipangilio yako. Labda unataka kuongeza faili moja la kiwambo cha Wi-Fi. Njia ni hii, kwa Tiny Core:

mkdir /tmp/fungua

cd /tmp/fungua

zcat /mnt/sda1/tce/boot/core.gz | sudo cpio -i -H newc -d

Hiyo sda1 ni mfano. Yako inaweza kuwa sdb1 ukitumia flashi, kwa hivyo cheki kwanza. Zcat inafungua gzip, cpio inatoa mafaili kutoka kwa gunia. Tumia sudo, kwa sababu bila hiyo umiliki wa mafaili utavurugika na mfumo utakataa kuwaka ama utawaka na milango wazi. Na kumbuka /tmp ya Tiny Core iko kwa RAM, kwa hivyo kwa mashine yenye RAM kiduchu fanyia kazi hii kwa diski.

Badilisha unachotaka, kisha funga:

sudo find . | sudo cpio -o -H newc | gzip -9 > /tmp/core-mpya.gz

Ukitaka kuikamua zaidi bila kubadilisha aina, kuna kifaa kinaitwa advdef:

advdef -z4 /tmp/core-mpya.gz

Hiki kinatafuta njia bora ya kupanga ile gzip, faili linapungua kidogo, na kufungua kunabaki kwa kawaida. Inachukua muda, lakini unafanya mara moja tu.

Sasa sikiza vizuri. USIFUTE core.gz ya zamani. Weka mpya kando yake, halafu ongeza chaguo jipya kwenye menyu ya kuwashia. Kwa wanaotumia extlinux, ni mistari kama hii:

LABEL jaribu

KERNEL /tce/boot/vmlinuz

INITRD /tce/boot/core-mpya.gz

APPEND quiet

Mpya ikikataa, unazima, unachagua ya zamani, na maisha yanaendelea. Ukifuta ya zamani na mpya ikatae, mashine yako imebaki chuma, na itabidi utafute flashi ingine ya kuiokoa.

Kuna mtego mmoja wa xz hapa. Ukibana picha ya kuwashia kwa xz, lazima uiambie itumie ukaguzi ambao kerneli inaujua:

xz --check=crc32 core-mpya.cpio

Bila hilo neno la crc32, xz hutumia ukaguzi mwingine, kerneli inakataa kufungua, na wewe unabaki unajiuliza nani amekuroga. Hakuna aliyekuroga. Pia hakikisha kerneli yako ilitengenezwa ikiwa na uwezo wa kufungua xz, kwa sababu sio zote zinao.

Siri kubwa: SquashFS

Ukibana core.gz hadi iwe ndogo kama karanga, bado ikifunguliwa inachukua nafasi yake yote ndani ya RAM. Kubana kumeokoa diski, hakujaokoa RAM. Hapa ndipo wengi huchanganya, wanaweka kila programu ndani ya picha ya kuwashia halafu wanashangaa 2GB imeenda wapi.

Dawa ni SquashFS. Phillip Lougher ndiye aliyeianzisha, na ikaingia rasmi kwenye kerneli ya Linux 2.6.29 mwaka 2009. Hili ni faili moja lililobanwa, lakini Linux inaweza kulisoma kama folda ya kawaida huku likiwa bado limebanwa. Limegawanywa vipande vipande. Ukitaka ukurasa mmoja, kinafunguliwa kipande hicho tu. Ni kama kwenda kwa duka la nguo pale Malindi: huombi wafungue marobota yote, unaomba robota moja lenye mashati.

Puppy Linux, ambayo Barry Kauler wa Australia aliianzisha 2003, inaweka mfumo wake karibu wote kwenye faili la .sfs. Kama RAM inatosha inalipakia lote humo, na kwa kawaida unaweza hata kuchomoa flashi na kuendelea na kazi. Tiny Core nayo, kila programu unayoongeza ni faili la .tcz, na hilo ni SquashFS tu kwa jina lingine.

Kutengeneza lako:

mksquashfs programu/ programu.sfs -comp xz

mksquashfs programu/ programu.tcz -b 4096

Ile -b ni ukubwa wa kipande. Kipande kikubwa kinabana vizuri, lakini kila ukitaka kitu kidogo unafungua kipande kizima. Kipande kidogo cha 4096 hakibani sana, lakini hakisumbui RAM. Tiny Core imezoea kipande kidogo kwa sababu inajali mashine za masikini kama sisi.

Na kama bado RAM inabana, kuna zram. Hii inachukua sehemu ya RAM na kubana vitu ambavyo havitumiki sasa hivi, badala ya kuvitupa kwa diski ambayo ni ya pole pole. Simu nyingi za Android za bei ya chini zinatumia hila hii bila wewe kujua. Tiny Core huiwasha yenyewe, isipokuwa uikataze. Andika cat /proc/swaps na ukiona zram0, ujue iko kazini.

Drama ya xz iliyotingisha dunia

Mnafikiri mafaili ya kubana hayana skendo? Ngojeni. Programu ya xz kwa miaka mingi ilikuwa ikitunzwa na msee mmoja tu, Lasse Collin, bure, kwa muda wake. Kuanzia 2021 akatokea mtu akijiita Jia Tan, akawa anasaidia kidogo kidogo, akajenga uaminifu, mpaka akapewa funguo za nyumba. Akiwa ndani, akaficha mlango wa nyuma katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Lengo lilikuwa kuingia kwa seva kupitia SSH.

Aliyemnasa ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayefanya kazi ya PostgreSQL. Aligundua kwamba kuingia kwa SSH kunachelewa kwa kama nusu sekunde. Nusu sekunde tu! Wengine wangepuuza. Yeye akachimba, na tarehe 29 Machi 2024 akaanika kila kitu. Matoleo mabaya yalikuwa yameingia kwa baadhi ya Linux za majaribio, lakini yakazimwa kabla hayajasambaa kwa zile za kawaida.

Xz ya leo ni safi, kwa hivyo hakuna haja ya kuikimbia. Funzo ni hili: ukishusha mfumo, shusha kutoka kwa wenyewe, na ukague alama yake:

sha256sum faili.iso

Linganisha ile namba ndefu na iliyoandikwa kwa tovuti yao. Ikitofautiana hata herufi moja, usiwashe mashine nayo. Hii ni muhimu zaidi kwa ISO zinazopita flashi kwa flashi mtaani, kwa sababu hujui imepitia kwa nani.

Kwa nini sisi wa Pwani tujali

Intaneti yetu inapita chini ya bahari. Nyaya kama SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa 2009, EASSy ikafuata 2010. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika kwa wakati mmoja kule kusini, na Afrika Mashariki yote ikahisi. Kurasa zikawa zinavuta miguu. Siku kama hiyo, msee aliye na ISO ya 25MB kwa flashi, programu zake kwa .tcz, na bakapu ya kazi iliyobanwa vizuri, hana stress. Anaendelea kuhudumia wateja wakati wengine wanasubiri.

Na hata nyaya zikiwa nzima, bando sio bure. Mfumo wa gigabaiti tano na mfumo wa megabaiti 25 vyote vinawasha mashine, lakini mfuko wako unajua tofauti.

Kwa hivyo form ni gani?

Anza hivi. Usifute Windows siku ya kwanza. Weka Tiny Core ama Puppy kwa flashi, washa nayo, cheki kama Wi-Fi, sauti na skrini vinafanya kazi. Kama RAM ni chini ya 512MB, anza na Tiny Core. Kama ni 1GB ama 2GB na unataka kitu kinachofanana na kompyuta uliyozoea, jaribu Puppy. Jua tu kwamba kivinjari cha kisasa ndicho kitakachokula RAM kuliko kitu kingine chochote, kwa hivyo usifungue tabu ishirini halafu ulaumu Linux.

Mafaili ya kazi yabane kwa gzip ama zstd, picha ziache zilivyo, programu ziweke kwa SquashFS, na picha ya kuwashia iguse tu kama una sababu. Ukiigusa, weka ya zamani kando. Na usifute asili kabla hujajaribu nakala.

Lappy ya miaka kumi na tano haitakuwa mpya. Lakini inaweza kuandika CV, kufunza mdogo wako kompyuta, kupanga hesabu za duka la mama, na kutuma kazi ya mteja kabla ndege yake haijaruka. Kabla hujamuuzia yule wa vyuma chakavu kwa kilo, mpe flashi moja na jioni moja. Halafu share hii na yule beshte yako anayelia kila siku ati mashine yake inahang.